Tanbihi au mabano? Mswada wa historia ya Rungwe umenikwamisha

Mstaafu wa Tukuyu
Wakuu, habari za baridi. Nina mswada kuhusu wamisionari wa Kijerumani waliofika Rungwe mwaka 1891 na wenyeji waliowapokea. Sura tatu za kwanza rejea zipo kwenye mabano, jina na mwaka, kama tulivyofundishwa chuoni. Zilizobaki nimeweka tanbihi chini ya ukurasa, maana vyanzo vyangu vingi ni majalada ya Nyaraka za Taifa na masimulizi ya wazee. Mchapaji anataka mtindo mmoja. Nifuate APA au Chicago, ile mitindo ya Kimarekani ya kuandika rejea, au nibuni wangu?

Binti Kihesa
Shikamoo mwalimu. Usibuni. Chicago yenyewe ina njia mbili, ya tanbihi na ya mabano. Wengi hudhani ni moja. Kwa historia chukua ya tanbihi. Jalada la zamani mara nyingi halina mwandishi, sasa ndani ya mabano utaandika nini? Chini ya ukurasa unataja barua ni ya nani kwenda kwa nani, tarehe, namba ya jalada, umemaliza.

Fundi Mwanjelwa
Napinga kidogo. Mimi napanga kurasa za vitabu. Tanbihi zikizidi, unapata mistari kumi ya habari na nusu ukurasa wa maandishi ya sisimizi. Mnunuzi akifungua anakirudisha mezani. Namba zibaki, maelezo yaende mwisho wa kitabu.

Binti Kihesa
Huko mwisho nani atafunua, kaka? Namba zinaanza upya kila sura. Unatafuta 14, unakutana na 14 tisa.

Fundi Mwanjelwa
Ndiyo maana kule nyuma juu ya kila ukurasa tunaandika "Tanbihi za kurasa 45–62". Ni kazi, ila inafanyika.

Kamwene wa Ipogolo
Mwalimu, wazee uliowahoji utawaweka wapi? Kwa APA, mahojiano yasiyochapishwa ni mawasiliano binafsi: unayataja ndani ya matini, kwenye orodha ya marejeo hayaingii. Chicago nayo kwa kawaida huyaishia kwenye tanbihi. Waliotunga kanuni hizo hawakumfikiria mtu ambaye nusu ya kitabu chake imetoka vinywani mwa wazee. Mimi kwenye mswada wangu wa Uhehe niliwapa orodha yao: jina, kijiji, tarehe.

Mstaafu wa Tukuyu
Wangu ni 31. Shida sisi Wanyakyusa, nikipanga kialfabeti, 26 wanaanza na Mwa-. Herufi M peke yake inakula kurasa mbili!

Kamwene wa Ipogolo
Hahaha! Panga kwa vijiji basi.

Dogo wa Uyole
Shikamooni. Mnabishania mtindo, hatari iko kwenye kuchapa. Mjomba wangu alichapiwa mswada steshenari, namba za tanbihi zikaandikwa kwa mkono na kuinuliwa juu tu. Aliposogeza aya moja, kila namba iliyofuata ikawa ya uongo. Kwenye Word bonyeza Ctrl+Alt+F, zinajihesabu zenyewe. Vyanzo weka Zotero, programu ya kutunza rejea, ni ya bure. Ukihama kutoka APA kwenda Chicago unabofya tu.

Binti Kihesa
Kwa vitabu, sawa. Majalada utayasafisha moja moja, mdogo wangu. Tena mimi iliniwekea "and" ya Kiingereza katikati ya waandishi wawili. Maliza kazi yote kwanza, tengeneza nakala, kata rejea zisiungane tena na Zotero, ndipo uweke "na". Ukiwahi, ikijisasisha inakurudishia "and" yake.

Na mwalimu, "Ibid.", yaani "hapohapo", chanzo kilekile cha tanbihi iliyotangulia, achana nayo. Chicago siku hizi wanapendelea jina na kichwa kifupi. Ukihamisha aya, ile "hapohapo" inamsingizia mtu mwingine.

Mstaafu wa Tukuyu
Marahaba wanangu. Basi tanbihi chini, fupifupi, na wazee kwa vijiji. Fundi, utanisamehe. Swali la mwisho: mji wa uchapaji bado unaandikwa? Nina vitabu vya Berlin vya zamani.

Binti Kihesa
APA waliuondoa kwenye toleo la 7. Chicago toleo la 18, la 2024, nao hawalazimishi tena. Ila vyako vya kabla ya 1900, mji ubaki.

Fundi Mwanjelwa
Nimesamehe. Herufi za tanbihi zisipungue pointi 8 lakini, wasomaji wako ni wazee.