Hesabu za treni darasa la saba: kanuni anaijua, majibu hayatoki

Mzazi wa Ipagala

Habari za jioni walimu na wazazi wenzangu. Binti yangu yuko darasa la saba hapa Dodoma. Kanuni ya umbali, mwendokasi na muda anayo kichwani, na ile pembetatu ya kuikumbukia (umbali juu, mwendokasi na muda chini) anaichora bila kuangalia daftari. Ukimwambia gari limekwenda km 180 kwa saa 3, jibu linatoka papo hapo. Zikija treni anapotea. Naweka maswali matatu na majibu aliyopata, naomba mnisaidie kujua anakosea wapi.

(a) Treni A iliondoka Dodoma saa 2:30 asubuhi kwenda Morogoro kwa mwendokasi wa km 90 kwa saa. Treni B iliondoka Morogoro saa 3:10 asubuhi kuja Dodoma kwa km 120 kwa saa. Ikiwa umbali ni km 270, zilikutana saa ngapi? Amepata saa 4:27.

(b) Treni yenye urefu wa m 200 inavuka daraja lenye urefu wa m 400 kwa mwendokasi wa km 72 kwa saa. Itatumia sekunde ngapi? Amepata sekunde 20.

(c) Treni ilikwenda km 90 kwa mwendokasi wa km 90 kwa saa, ikasimama stesheni dakika 15, kisha ikamalizia km 90 nyingine kwa km 120 kwa saa. Tafuta wastani wa mwendokasi wa safari nzima. Amepata km 105 kwa saa.

Mwalimu wa Hisabati, Kongwa

Mzazi mwenzangu, asante kwa kuweka na majibu yake, maana ndiyo yanayoonyesha tatizo. Kugawanya anajua vizuri. Shida yake ni kwamba anachukua namba za kwanza anazoziona na kuziweka kwenye pembetatu kabla hajajiuliza: huu ni umbali wa nini, na muda huu ulianza kuhesabiwa lini? Pembetatu haiwezi kumjibu hayo. Aiweke pembeni kwanza, achukue rula na penseli.

Nianze na (b), ndilo linalowaangusha wengi. Mwambie achore daraja, halafu achore treni mara mbili: mara ya kwanza kichwa kikigusa mwanzo wa daraja, mara ya pili mkia ukiachana na mwisho wa daraja. Kisha apime kichwa kimesogea kiasi gani kati ya michoro hiyo miwili. Ataona kimekwenda m 400 za daraja na m 200 zaidi, kwa sababu mkia ulikuwa bado nyuma. Umbali ni m 600. Yeye aligawa 400 kwa 20, yaani alivusha kichwa tu, mabehewa yote akayaacha darajani.

Km 72 kwa saa ni m 72,000 kwa sekunde 3,600, sawa na m 20 kwa sekunde. Kwa hiyo 600 ÷ 20 = sekunde 30.

Hapo hapo mbadilishie swali. Treni hiyo ikipita nguzo ya umeme, umbali ni urefu wa treni peke yake: 200 ÷ 20 = sekunde 10. Swali likisema "kwa muda gani treni nzima ilikuwa juu ya daraja", tunaanza kuhesabu mkia unapoingia na tunaacha kichwa kinapofika mwisho. Umbali ni 400 − 200 = m 200, nao ni sekunde 10. Treni ni moja na daraja ni moja, ila maneno ya swali yamebadilisha umbali. Ndiyo maana nasisitiza mchoro.

Sasa (a). Amejumlisha 90 na 120 akapata 210, na hilo ni sahihi, kwa kuwa treni zinazoelekeana hukaribiana kwa jumla ya miendokasi yake. Kisha akagawa 270 kwa 210, akapata saa 1 na dakika 17, akazihesabu kuanzia saa 3:10. Kosa ni kwamba saa 3:10 treni hazikuwa mbali kwa km 270 tena. Treni A ilikuwa imeshatembea dakika 40 peke yake. Dakika 40 ni 40/60, yaani theluthi mbili za saa, kwa hiyo ilikwishakwenda 90 × 2/3 = km 60. Zimebaki km 210. Gawa kwa 210, ni saa 1 kamili. Zilikutana saa 4:10 asubuhi.

Asiishie hapo, ahakiki. Kufika saa 4:10 treni A imetembea saa 1 na dakika 40, sawa na km 150. Treni B imetembea saa 1, km 120. Jumla 270. Umbali umetimia, jibu ni sahihi. Akilihakiki lile la 4:27 kwa njia hiyo hiyo atakuta jumla inapita km 270, na atajua mwenyewe kwamba treni zimeshapishana.

Katika (c) amejumlisha 90 na 120 akagawa kwa 2. Wastani wa mwendokasi ni umbali wote kugawanya kwa muda wote, na dakika za kusimama zimo. Km 90 za kwanza zilichukua saa 1, kusimama dakika 15, km 90 za mwisho dakika 45. Jumla ni saa 2. Kwa hiyo 180 ÷ 2 = km 90 kwa saa. Hata kama treni isingesimama, 105 isingetoka: 180 ÷ 1.75 ni karibu 102.9. Treni ilikaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo, kwa hiyo mwendo mdogo unavuta wastani chini.

Mdau wa Nkuhungu

Mwalimu amemaliza, naongeza la kubadili vizio. Badala ya kuzidisha kwa 1,000 na kugawanya kwa 3,600 kila mara, mtoto ashike hili: km 18 kwa saa ni m 5 kwa sekunde. Hapo 36 ni 10, 54 ni 15, 72 ni 20, 90 ni 25, 108 ni 30, 144 ni 40. Watunzi wa maswali hupenda sana hizo namba. Kwa namba nyingine, zidisha kwa 5 ugawe kwa 18. Kurudi kwenye km kwa saa, zidisha kwa 18 ugawe kwa 5.

Na azoee kuuliza kama jibu linawezekana. Treni ya SGR (reli ya kisasa), iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, imesanifiwa kwa mwendo wa hadi km 160 kwa saa. Mtoto akipata treni ya km 540 kwa saa, kuna kizio hakikubadilishwa.

Mwalimu wa Hisabati, Kongwa

Naunga mkono, ila aanze na njia ndefu ya 1,000 na 3,600 mpaka ajue kwa nini. Anayekariri 5 na 18 bila kuelewa atazigeuza siku ya mtihani.

Mkufunzi, Bahi

Kuna mtego ambao haujatajwa: saa. Kutoka 2:30 hadi 3:10 wapo wanaotoa kama desimali, 3.10 − 2.30, wanapata 0.80 na kuandika dakika 80. Ukikopa saa 1 unakopa dakika 60, si 100. Wengine huandika dakika 40 kuwa saa 0.40. Nusu saa ni 0.5, basi 0.40 ni dakika 24 tu.

Maswali ya safari za usiku yana shida zaidi, kwa sababu saa zetu zinaanza upya saa 12. Treni ikiondoka saa 4:40 usiku na kufika saa 1:15 asubuhi, vuka kwa hatua mbili: kutoka 4:40 hadi saa 12:00 alfajiri ni saa 7 na dakika 20, ongeza saa 1 na dakika 15, unapata saa 8 na dakika 35. Swali likiwa kwa mfumo wa saa 24, yaani 2240 hadi 0715, unavukia 2400: saa 1 na dakika 20, ongeza saa 7 na dakika 15. Jibu lile lile. Asichanganye mifumo miwili ndani ya swali moja.

Mzazi wa Ipagala

Nashukuru sana. La (b) amelichora na ameelewa mara moja. Na treni zikienda upande mmoja?

Mkufunzi, Bahi

Hapo unatoa badala ya kujumlisha. Treni ya mizigo imeondoka Dodoma saa 1:00 asubuhi kwa km 60 kwa saa, ya abiria ikaifuata saa 2:30 kwa km 150 kwa saa. Hadi saa 2:30 ya mizigo iko mbele km 90. Pengo linapungua km 150 − 60 = 90 kila saa, kwa hiyo inafikiwa baada ya saa 1, saa 3:30 asubuhi, km 150 kutoka Dodoma. (Kwenye reli ya njia moja ya mizigo ingewekwa pembeni stesheni kwanza. Hesabu huchukulia njia ni mbili.)

Kama swali ni la kupita kabisa, umbali ni jumla ya urefu wa treni zote mbili. Ya m 240 kwa m 15 kwa sekunde na ya m 210 kwa m 30 kwa sekunde: zikielekeana, 450 ÷ 45 = sekunde 10; zikifuatana, 450 ÷ 15 = sekunde 30. Lakini "abiria aliyekaa dirishani" kwenye ile ya m 240 anaona urefu wa treni nyingine tu: zikielekeana, 210 ÷ 45, karibu sekunde 4.7.

Mwalimu wa Hisabati, Kongwa

Mpe hili ajipime: treni ya m 250 ilipita nguzo kwa sekunde 10, kisha ikapita handaki, kama yale ya Kilosa, kwa sekunde 50 tangu kichwa kuingia hadi mkia kutoka. Handaki lina urefu gani, na treni nzima ilikuwa ndani kwa sekunde ngapi? Majibu ni m 1,000 na sekunde 30. Akipata m 1,250, bado hajatoa urefu wa treni.