Mbuzi wa baba kala matairi ya gari la waya la mwanangu, msaada wakuu kabla ya Jumamosi

Mleta uzi: Wakuu habari za sikukuu. Niko Rombo kwa wazee toka juzi na mwanangu wa miaka 8, mtoto wa Dar kabisa, jana kamuuliza bibi yake jogoo anachajiwa wapi (sitanii). Kaja na gari lake la rimoti, siku ya pili betri chali, na duka la hapa lina zile betri za tochi tu, kubwa kama magunzi. Mimi kwa sifa zangu nikamwambia achana na hilo la Mchina, baba yako alikuwa fundi, ntakutengenezea Scania ya waya.

Bodi ikatoka safi, matairi nikakata ndala ya babu yake, ya kushoto, mzee alikuwa kalala. Sasa usukani ndo umenishinda, ule waya mrefu wa kuendeshea nikiwa nimesimama naukumbuka vizuri ila kule chini unaungana vipi na matairi ya mbele kichwa kimegoma, ukikata kona gari linanyoosha tu mpaka mtaroni. Halafu usiku tukaliacha karibu na banda, beberu akakata kamba akatafuna matairi matatu, la nne kaacha nadhani alishiba. Jumamosi watoto wa kaka wameandaa mashindano, kutoka kilabu cha mbege mpaka kanisani, na wa kwangu keshatangaza anashinda.

Na kajambo kengine kadogo, huyo beberu ndo ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) ya tarehe 25. Mtoto kalisikia hilo analia, anasema msimchinje matairi yangu yamo humo.

fundi_makopo: Mkuu kosa lako umeifunga ekseli ya mbele kwenye bodi, ifungue. Chukua spoku ya baiskeli ndo iwe ekseli, katikati yake zungushia waya wa usukani mara nne kaza na plaizi, halafu huo waya uupitishe kwenye kitanzi pale kwenye boneti, kitanzi kilegee kidogo, ndo uupandishe mpaka kifuani kwa dogo. Akizungusha juu ekseli nzima inageuka chini, kama mkokoteni tu. Waya ukiwa mwembamba utapinda, ufunge sambamba na ufito. Matairi achana na ndala, tafuta makopo manne ya Kiwi, yale ya dawa ya viatu, toboa kwa msumari, jaza udongo ndani yasirukeruke kwenye mawe. Bati mbuzi ataishia kulamba.

Mzee wa Banda: Huyo mbuzi hakuwa na njaa, alikuwa anatafuta chumvi. Ndala ya mzee wa shamba ina chumvi ya kuungia ndafu nzima. Muwekee jiwe la chumvi bandani, na babu naye anunuliwe ndala mpya haraka kabla hajaamka 😂

dada_wa_Njombe: Yani ni magari magari tu, sisi wa midoli hatuna chetu? Kwetu tulikuwa tunachuma hindi changa lenye nywele ndefu, zile nyekundu ndo za kugombania, unalisuka twende kilioni, unalibeba mgongoni na kanga ya mama. Msimu mmoja nilikuwa na watoto saba. Mama kuja shambani akakuta mabua matupu mstari mzima, akaniuliza kwa upole kabisa wajukuu zangu wako wapi? Nikawatoa wote nikijua anataka kuwaona. Kila mjukuu fimbo mbili, hesabu wenyewe.

ngosha_asili: @dada_wa_Njombe fimbo 14 pole sana. Sisi Usukumani tulifinyanga ng'ombe kwa udongo wa kichuguu, unawakausha kivulini maana jua linawapasua, pembe unachomeka miiba. Nilikuwa na ng'ombe 30 tajiri mkubwa, mpaka ng'ombe wa kweli akapita juu yao akaenda zake kunywa maji. Sijawahi kufilisika vile tena.

kijana_wa_mjini: Si umnunulie tu betri ukishuka Moshi mjini? Mnajitesa bure.

fundi_makopo: @kijana_wa_mjini wewe toka ulivyojiunga humu hujawahi kuchangia kitu cha maana.

Mleta uzi: Wakuu narudi na mrejesho. Usukani umekubali, ekseli ilikuwa ndo ugonjwa, @fundi_makopo Mungu akubariki. Makopo ya Kiwi nimepata mawili tu, nyuma nikaweka vifuniko vya dumu. Kwenye mashindano dogo kaongoza mpaka kona ya kanisa, bata wakakatiza, kwa adabu zake za Dar akasimama awapishe, bata wenyewe kumi na mmoja kwa mstari, kamaliza wa nne kati ya watano. Kafurahi hatari, kalala na gari kitandani.

Babu kaamka kakuta ndala moja, hajasema neno, ila leo kavaa raba zangu.

Ile ishu ya mwisho imekuwa mbaya zaidi. Dogo kampa beberu jina, anaitwa Scania, na sasa nyumba nzima wanamwita hivyo hadi bibi akimpelekea majani. Baba kasema yeye hawezi kumla mtu anayemjua kwa jina. Kwahiyo kama kuna mdau yuko Rombo au Marangu ana beberu mkubwa asiye na jina, anicheki PM kabla ya tarehe 24.