Mjadala: Mwalimu hodari darasani, lazima aishie ofisi ya mkuu wa shule?

Mwanzisha mada: Wadau, tulizungumze hili bila kuoneana haya. Njia iliyozoeleka ni moja: unafundisha, unakuwa mkuu wa idara, unapewa taaluma au nidhamu, unakuwa makamu, mwisho unakalia kiti cha mkuu. Kila cheo kinakupunguzia vipindi, hadi unabaki huna hata kimoja.

Kwa hiyo anayetaka mshahara mnono sharti aache chaki, akahangaike na bajeti, zabuni, wazazi waliokuja juu na paa linalovuja. Kazi hizo hakusomea, na pengine hazipendi. Tunapoteza mwalimu mzuri, tunapata mkuu wa kubahatisha. Singapore waliliona hili: tangu 2001 mwalimu wao ana njia tatu za kupanda, yaani ufundishaji, uongozi na utaalamu maalumu. Anaweza kufika mbali akiwa bado mwalimu. Kwa nini kwingine ngazi iwe moja tu?

Mchangiaji wa 1: Napinga. Mkuu ambaye hakuwahi kutamba darasani atamkosoa nani? Akiingia kukagua kipindi changu nataka awe mtu ambaye na yeye amewahi kutuliza darasa la mwisho wa siku. Ukitenganisha njia, utatuletea mameneja wanaosoma majedwali ya matokeo tu.

Mwanzisha mada: Sijasema mkuu asitokee darasani. Nimesema ukuu usiwe ndiyo zawadi pekee ya kufundisha vizuri. Hayo ni mambo mawili.

Mchangiaji wa 2: Mnasahau mafunzo. Angalieni Uingereza. England walianzisha sifa ya kitaaluma ya ukuu, NPQH, mwaka 1997, baadaye wakaifanya sharti kwa wakuu wapya, halafu 2012 wakailegeza ikawa hiari. Scotland wakaenda kinyume: tangu Agosti 2020 anayeajiriwa kwa mara ya kwanza kuwa mkuu wa kudumu lazima awe ametimiza kiwango rasmi cha ukuu. Majirani, lakini kila mmoja ameshika lake. Mimi niko na Scotland.

Mchangiaji wa 3: Mafunzo sawa, ila yaje kabla ya cheo. Nimekuwa makamu. Ratiba naijua, nidhamu naijua, walimu watoro nawajua kwa majina. Siku niliyokaimishwa ukuu ndipo nikaona mafaili ya fedha kwa mara ya kwanza! Mkuu wangu alikuwa anayafungia kabatini, na mfumo haukumdai anionyeshe. Halafu watu wanasema umakamu ni mafunzo ya kazini.

Mchangiaji wa 1: Hapo nakubali. Lakini ukimlipa mwalimu mbobezi sawa na mkuu, nani ataomba ukuu? Lawama zote zile kwa mshahara uleule?

Mwanzisha mada: Ataomba anayeitaka kazi yenyewe. Huyo ndiye ninayemtafuta. Posho ya madaraka ibaki, ila pengo lisiwe kubwa kiasi cha kumvuta asiyetaka. Na mkuu abaki na walau vipindi viwili kwa wiki, asisahau darasa lilivyo.

Mchangiaji wa 4: Vipindi viwili vya mkuu? Kila wiki ataitwa vikaoni, na mimi ndiye nitakayeambiwa nikamshikie darasa. Hivyo vipindi mviandike kwenye ratiba kwa jina la nani, lake au langu?