Mrejesho: Mwajiri aliyekataa kukutana na chama cha wafanyakazi
Niliuliza iwapo mwajiri wetu hapa Tanzania anaweza kukataa kukutana na chama cha wafanyakazi kwa hoja kwamba kamati aliyoiunda yeye mwenyewe inatosha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi nafasi hiyo: chama kilichosajiliwa, kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi husika, kikishampa notisi, anapaswa kukutana nacho ndani ya siku 30. Muda huo ulipita kimya, hivyo chama kikapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako uongozi, ulioamini kwamba hatufiki nusu, ulikubali fomu za uanachama zihakikiwe. Tulivuka. Chama kimetambuliwa na majadiliano ya mkataba wa hali bora (makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi) yameanza, ingawa kuhusu mishahara uongozi bado unajivuta.