Msaidizi wa AI anachanganya kazi na hasomi noti nilizompakia

Kalamu_Mbili
Habari wakuu. Nina msaidizi wa GPT ndani ya ChatGPT mwenye kazi tatu: kusahihisha barua za ofisini, kuandaa muhtasari wa vikao, na kutunga maswali ya kujipima kutoka kwenye noti za takwimu. Maelekezo yamekaribia kikomo cha herufi 8,000, na mafaili ya PDF ni 14. Shida zenyewe: mtindo wa barua unaingia kwenye muhtasari, swali ambalo jibu lake limo kwenye noti analijibu kwa maarifa yake ya jumla, na kuna PDF mbili anazodai hazina kitu ilhali zimejaa. Nihamie Claude au Gemini, au kosa liko kwenye matengenezo? Natanguliza shukrani.

Fundi_Maelekezo
Mkuu, ukihama utahama na ubovu wako. Mgawe awe watatu. Maelekezo yote husomwa kwa pamoja kila unapotuma ujumbe, kwa hiyo ile kanuni ya "anza na salamu, tumia lugha ya staha" inafanya kazi hata pale unapotaka muhtasari mkavu. Kazi moja inatoshwa na herufi 1,000 hadi 1,500. Ya vikao ingekaa hivi:

> Utapewa noti ghafi za kikao. Toa sehemu nne kwa mpangilio huu: Waliohudhuria, Maamuzi, Kazi zilizogawiwa (nani, nini, lini), Yaliyoahirishwa. Kila uamuzi sentensi moja. Jina au tarehe isipokuwemo kwenye noti, andika HAIKUTAJWA. Usiweke utangulizi wala hitimisho.

Kiini ni hilo HAIKUTAJWA. Usipomwambia afanye nini taarifa inapokosekana, atajaza pengo kwa jina linaloelekea kufaa, na kazi ya mhasibu itaandikiwa katibu bila mtu kushtuka.

Chini yake bandika mfano mmoja: mistari mitano ya noti ghafi, kisha muhtasari wake kama unavyoutaka. Mfano huo una nguvu kuliko aya tatu za kueleza mtindo. Usimpangie idadi ya maneno. Hatoi matini kwa kuhesabu, kwa hiyo ukitaka maneno 150 atapita au atapungukiwa. Idadi ya sentensi au aya anaimudu zaidi.

Jingine: usihariri kwa kuchati kwenye kichupo cha Create, kwani huko maelekezo yako huandikwa upya bila kukuuliza. Nenda Configure uyaandike mwenyewe, na nakala uiweke pembeni. Na kila kikao kipya, fungua mazungumzo mapya. Ukiendeleza yale yale, majina ya kikao cha jana yatajitokeza kwenye cha leo.

Noti_Safi
Naongezea upande wa mafaili, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Hizo PDF mbili karibu hakika ni za kuskani. Zifungue, jaribu kuburuta kipanya juu ya mstari mmoja. Maneno yasipoweza kuteuliwa, faili halina maandishi, lina picha tu. Lipitishe kwanza kwenye programu ya OCR (inayogeuza picha ya maneno kuwa maandishi), kisha usome ilichotoa, hasa tarakimu: 0 na O, 1 na l hubadilishana.

Kuhusu kujibu nje ya noti: mafaili yakiwa mengi hayasomwi yote. Hukatwa vipande, vinatafutwa vile vinavyokaribiana na swali lako, na hivyo vichache tu ndivyo vinavyomfikia. Ndiyo maana "nitungie maswali kutoka noti zote" huleta maswali ya mada mbili tatu tu. Mtajie mada: "maswali 5 kutoka faili la ukadiriaji, sehemu ya vipindi vya uhakika". Mwagize pia kila jibu litaje jina la faili na kichwa cha sehemu, na jibu lisipokuwemo aseme HAIMO KWENYE NOTI.

Fomula zilizo ndani ya PDF huvurugika, alama ya jumla na vipeo hupotea. Ziandike upya kama matini kwenye faili la Markdown (matini ya kawaida yenye alama rahisi za vichwa), na kila sehemu uipe kichwa kinachojieleza. "Mfano wa 3" hakisaidii utafutaji wowote.

Kwa hesabu, washa uwezo wa kuendesha msimbo wa Python, halafu mwelekeze kigawanyo cha mkengeuko sanifu. Kati ya maktaba za Python, NumPy hugawa kwa n (idadi ya data) usipoielekeza vingine, pandas hugawa kwa n−1. Kwa data 2, 4, 6, mkengeuko sanifu utatoka 1.63 au 2, na vyote viwili vitaonekana sahihi.

Seva_ya_Nyumbani
Mimi nina la vikao tu. Ukigawa kiungo cha msaidizi wako, mwenye ujanja kidogo anaweza kumfanya ataje maelekezo na hata yaliyomo kwenye mafaili. Kumwandikia "usitoe siri" si kufuli. Mambo nyeti yaendeshe kwenye kompyuta yako kwa Ollama, programu ya kuendesha modeli za AI bila kutuma data nje. Tengeneza faili liitwalo Modelfile:

```
FROM gemma3:4b
PARAMETER temperature 0.2
PARAMETER num_ctx 8192
SYSTEM """hapa bandika maelekezo ya vikao"""
```

Kisha kwenye dirisha la amri (terminal) andika `ollama create vikao -f Modelfile`, halafu `ollama run vikao`. RAM ya GB 8 inatosha. Usiache num_ctx, yaani nafasi ya matini anayoweza kusoma kwa mara moja: noti zikizidi nafasi hukatwa kimyakimya, unapata muhtasari wa nusu kikao ulioandikwa vizuri. Modeli ya Llama 3.1 inataja rasmi lugha 8 na Kiswahili hakimo, ndiyo maana nimeweka Gemma 3. Hata hivyo, modeli ndogo kiasi hiki bado huteleza kwenye ngeli. Pitia kabla hujasambaza.

Kalamu_Mbili
Shukrani wakuu, nawagawa leo. Nitajuaje kwamba marekebisho yamekaa sawa?

Fundi_Maelekezo
Andaa maswali 10 ambayo majibu yake unayajua, mawili kati yake yasiwemo kabisa kwenye noti. Kila ukibadilisha maelekezo, yaulize yote kwenye mazungumzo mapya, na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Yale mawili ndiyo ya kuangalia kwanza: akiyajibu kwa kujiamini, rudi kwenye mstari wa HAIMO KWENYE NOTI, uupandishe juu kabisa ya maelekezo.