Kulaza watu ukumbini usiku wa baridi: jiji linaweza kutukatalia? (Kent, Washington)

Shemasi_Kent:
Shalom wapendwa. Tuko Kent, kusini ya Seattle. Ukumbi tunaoabudia ni wa kupanga, wenyewe ni kanisa la Wamarekani. Msimu wa baridi tunataka kulaza watu wapatao 25. Wengi ni familia za Kongo na Angola zilizoomba hifadhi ambazo hazina pa kulala, ila tutampokea yeyote atakayebisha. Ukumbi ni futi 40 kwa 40, una milango miwili ya nje, vyoo vinne na jiko dogo. Darini hakuna mabomba ya kunyunyizia maji moto ukitokea, na mzee mmoja anasema kwa hilo tu jiji litatufungia. Ni kweli? Na tuanzie ofisi gani?

MipangoMiji_206:
Shemasi, mzee amekosea, na inafaa aelezwe vizuri kwa sababu makanisa mengi hukata tamaa hapohapo.

Sheria ya jimbo, RCW 35A.21.360 (RCW ni mkusanyo wa sheria za jimbo la Washington), iliyopanuliwa mwaka 2020, inalibana jiji lenyewe. Kama mahali pa kulala pana angalau milango miwili ya kutokea inayofikika, jiji haliruhusiwi kuzuia shirika la dini kulaza watu ndani kwa sababu tu hakuna mabomba ya maji darini. Linaweza kuzuia pale tu ofisa wa zimamoto atakapokuta hatari ya papo kwa papo kwa watu waliomo. Haliruhusiwi pia kutoza ada ya kibali inayozidi gharama halisi, wala kukulazimisha ukate bima ya kulikinga jiji lenyewe. Walio Seattle watumie RCW 35.21.915, maneno yake yanakaribiana sana.

Jiji lina haki moja kubwa: kukutaka utie saini hati ya maelewano kuhusu usalama wa moto. Kazi yote iko kwenye hati hiyo. Kwa hiyo msianze na dirisha la vibali vya ujenzi. Mkifika pale na kusema "tunabadilisha matumizi ya jengo," mtapewa fomu za kubadili daraja la jengo zima, na daraja la majengo ya kulala ndilo linalodai mabomba ya maji. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa mipango miji, nakala kwa zimamoto (Kent inahudumiwa na Puget Sound Fire). Semeni ninyi ni shirika la dini, mnalaza watu usiku kwa muda chini ya kifungu hicho, na mnaomba rasimu ya hati. Taja namba ya kifungu katika sentensi ya kwanza.

Kisha mkutano wa majirani. Kabla ya kufungua lazima muitishe mkutano wa wazi, na baraza la jiji lipewe taarifa ya maandishi wiki moja kabla ikiwezekana, na kwa vyovyote isipungue saa 96. Taarifa itaje saa, mahali na madhumuni. Kutangaza kwa wananchi ni kazi ya jiji. Mkutano husamehewa endapo mnaitikia dharura iliyotangazwa rasmi, kama jiji jirani la Tukwila lilivyotangaza Oktoba 2023 watu walipojaa kwenye uwanja wa kanisa la Riverton Park. Hata hapo ningewashauri mkutane na majirani, kwa sababu simu za malalamiko ndizo huwaleta wakaguzi mara kwa mara.

ZamuYaUsiku:
Naongezea upande wa moto, maana hati hiyo hukwama kwenye vitu vidogo.

Mkaguzi atataka kuona vibao vya njia ya kutokea vyenye taa, milango inayofunguka kwa kusukuma ule mchuma wa katikati bila ufunguo, ving'amua moshi vinavyofanya kazi, king'amua kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) kama kuna kipasha joto cha gesi, mitungi ya kuzimia moto, na ramani ya kutokea iliyobandikwa ukutani. Vilevile mpango wa walinzi wanaokesha. Hawa hawasinzii. Wanajua taratibu za dharura, wana simu, na wanajua namna ya kuita zimamoto. Weka wawili kwa zamu, badilisheni saa nane usiku. Zamu moja ya kuanzia jioni hadi asubuhi ndiyo huleta walinzi waliolala, na mkaguzi akija usiku akawakuta hivyo, hati yako imeishia hapo.

Kwa idadi, mabweni huhesabiwa futi za mraba 50 kwa mtu. Futi 1,600 zinatoa watu 32, kwa hiyo 25 wanaenea. Kati ya godoro na godoro acha futi 3, na walale kichwa kwa miguu ili kikohozi kisisambae kirahisi. Njia ya kwenda mlangoni isilalwe na mtu wala isiwekwe mizigo.

Vinavyoharibu mara nyingi: mnyororo mlangoni "kwa ajili ya wezi," hita ndogo za umeme, na waya za kuongezea zilizounganishwa moja juu ya nyingine. Kataza hivi vitatu tangu usiku wa kwanza.

Daftari la kuingilia liwe na jina na mahali mtu anapolala, ili mhesabiane nje moto ukitokea. Hati za uhamiaji msiziulize. Hazina kazi kwenye daftari hilo, na zinatisha watu wakarudi kulala kwenye magari.

Mama_Bima:
Shemasi, kabla ya barua ya jiji, soma mkataba wenu wa kupanga. Sheria hiyo inahusu mali ambayo shirika la dini linaimiliki au lina mamlaka nayo. Mpangaji wa saa za Jumapili peke yake atapata shida kuonyesha mamlaka hayo. Kanisa lenye jengo liandike kwamba linaruhusu watu kulala, tarehe ngapi hadi ngapi, saa ngapi hadi ngapi, na ikiwezekana litie saini hati pamoja nanyi.

Ya pili ni bima. Bima za makanisa mengi haziingizi watu wanaolala. Omba nyongeza ya maandishi inayotaja malazi ya usiku, na uulize waziwazi kama inabeba madai ya unyanyasaji wa kingono. "Msiwe na wasiwasi" ya wakala kwenye simu haitakusaidia siku ya madai.

Jikoni, anayesimamia awe na kadi ya mhudumu wa chakula, ni dola 10. Cha moto kikae nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, cha baridi 5 au chini. Sufuria ya pondu (kisamvu) iliyoletwa na mtu saa kumi na moja ikasubiri mezani mpaka saa tatu, hiyo msigawe.

Shemasi_Kent:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekwenda kuangalia milango tena. Mmoja uko mbele. Wa pili unatokea nje kwa kupitia jikoni. Utakubaliwa?

ZamuYaUsiku:
Hapana, ndugu. Njia ya kutokea haipiti jikoni, maana jikoni ndiko moto unakoanzia mara nyingi. Kwa hesabu ya mkaguzi mna mlango mmoja, na ile kinga ya sheria inawatoka.

Angalieni kama kuna chumba cha shule ya Jumapili kilichoungana na ukumbi chenye mlango wake wa nje. Milango miwili pia iachane: katika jengo lisilo na mabomba ya maji, umbali kati yake usipungue nusu ya mshazari wa chumba (kona hadi kona ya mkabala). Kwenu mshazari ni futi 56 na ushee, kwa hiyo futi 28 au 29.

MipangoMiji_206:
Kama hakuna chumba cha hivyo, kutoboa mlango mpya kunahitaji kibali cha ujenzi na idhini ya mwenye jengo, na hilo halitakamilika kabla ya baridi. Mwombe mwenye jengo mtumie sehemu nyingine ya kanisa, hata ikiwa ndogo. Watu 12 kwenye chumba chenye milango miwili mtapata hati. Watu 25 kwenye huo ukumbi hamtaipata. Mpigie mkaguzi aje kutembea nanyi kabla hamjatuma barua, na mwonyeshe vyumba vyote.