Mkanda wa taimingi umekatika, fundi anataka tubadilishe injini nzima

Kijiti_Kavu
Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Gari limenizimikia nikiwa kwenye mwendo, likafa ghafla bila moshi wala kelele. Nikipiga stata, injini inazunguka kwa wepesi kuliko kawaida, haishiki kabisa. Fundi kafungua kava ya juu, kakuta mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa pistoni na valvu, umekatika. Hapohapo akasema valvu (vile vifuniko vya kuingiza hewa na kutoa moshi) zimepinda, hedi inayozibeba juu ya injini haifai, tutafute injini ya mtumba. Hakupima kitu, hata plagi moja hakuitoa. Jamaa yangu naye anasema nifunge mkanda mpya tu litawaka. Nimsikilize nani?

Spana_Kumi
Pole sana mkuu. Kwanza acha kupiga stata. Kama kuna valvu imebaki wazi, kila ukizungusha, pistoni inaigonga tena. Iliyopinda kidogo inaweza kukatika kichwa ikadondokea ndani ya silinda, na hapo ndipo maneno ya fundi wako yatakapokuwa kweli.

Pili, tupe kodi ya injini, yaani namba ya aina yake. Zipo injini ambazo pistoni na valvu hazikutani hata mkanda ukikatika, mfano hizi za Toyota: 4A-FE, 7A-FE, 3S-FE, 5S-FE. Hizo unafunga mkanda maisha yanaendelea, labda ndizo anazozijua jamaa yako. Nyingine pistoni na valvu zinapishana kwenye nafasi ileile, mkanda ukikatika zinagongana. Dizeli karibu zote ziko kundi hili kwa sababu juu ya pistoni hakuna nafasi. Na usisome kodi nusunusu: 1G-FE ya zamani inavumilia, yenye VVT-i (mfumo wa kubadili taimingi ya valvu) inapinda valvu.

Kijiti_Kavu
Ni 4G63 ya Mitsubishi, kamshafti mbili (mihimili inayofungua valvu).

Spana_Kumi
Aisee. Hiyo inapinda valvu. Jiandae kushusha hedi, ila kushusha hedi na kubadilisha injini ni vitu viwili tofauti.

Mpenda_Mtumba
Mimi nitamtetea fundi kidogo. Hedi ikishashuka kuna valvu, gasketi, bolti, kazi ya mashine, na bado hujui hali ya ringi za pistoni huko chini. Mtumba unafunga unaondoka.

Dada_Torki
@Mpenda_Mtumba unaondoka na mkanda ambao hujui ulifungwa lini, kwenye injini ambayo hujui ilitolewa kwa nini. Ukiwa na akili timamu utaununulia mkanda mpya kabla ya kuiwasha. Ya kwake angalau tunajua ilikuwa nzima hadi dakika ile.

@Kijiti_Kavu, kama unataka uhakika kabla ya kufungua hedi, mwambie fundi atoe plagi zote, aweke krenki (mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni) nyuzi 90 kabla ya pistoni namba 1 kufika juu kabisa. Kwenye silinda 4, pistoni zote zinakuwa katikati, kwa hiyo kamshafti zinaweza kuzungushwa hadi kwenye alama zake za taimingi bila kugonga kitu. Ndipo airudishe krenki kwenye alama yake, avalishe mkanda wa majaribio, azungushe kwa spana mizunguko 2 kamili. Mizunguko 2 ya krenki ndiyo 1 wa kamshafti. Akihisi kizuizi asilazimishe. Ikizunguka vizuri, apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda inayosoma sifuri karibu hakika ina valvu iliyopinda. Kupima kompresheni kabla taimingi haijakaa sawa ni kazi bure, namba zote zitakuwa za uongo.

Kijiti_Kavu
Mrejesho wakuu. Nimehamia kwa fundi mwingine. Silinda 2 zimesoma sifuri, hedi imeshushwa. Juu ya pistoni kuna vijialama kama kucha ya kidole gumba, hazijapasuka. Kuna jambo limenishangaza: chini, nyuma ya puli ya krenki, tumekuta nyuzinyuzi za mkanda mwingine mwembamba zimejisokota kwenye gia. Huo ni mkanda gani?

Spana_Kumi
Umempata mchawi. 4G63 ina mkanda mdogo unaozungusha balansi shafti, ile ya kupunguza mtetemo. Watu hubadilisha mkubwa wakauacha mdogo kwa sababu hauonekani hadi uvue gia ya krenki. Ukikatika, vipande vinaingia chini ya mkubwa na kuukata au kuurusha meno. Angalia pia sili (mpira wa kuzuia oili) ya krenki na ya pampu ya oili, kama zinavuja oili ndiyo iliyoozesha mikanda. Nunua seti nzima: mikanda yote 2, tenshena (kikaza mkanda), beringi zake, pampu ya maji na sili. Ukifunga mkanda mpya juu ya beringi inayolia, utarudi hapahapa.

Dada_Torki
Alama ndogo juu ya pistoni hazina shida, alainishe tu ncha kali. Kwenye hedi atoe valvu zote, azijaribu moja moja kwa kuzizungusha. Isiyonyooka haigongwi nyundo, inatupwa. Aangalie pia gaidi, yaani mirija inayoongoza valvu, zisiwe zimepasuka. Valvu mpya zisagwe na viti vyake, kisha amimine mafuta ya taa kwenye matundu ya kuingizia na kutolea, asubiri aone kama yanapenya. Hedi ilazwe rula ya chuma. Ikiachia mwanya wa zaidi ya milimita 0.05 iende mashine. Bolti zikazwe kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu.

Kijiti_Kavu
Asanteni sana. Kwenye kufunga kuna mtego mwingine wa kumwambia fundi?

Spana_Kumi
Upo, na ndio unaowaponza mafundi wengi. Gia ya pampu ya oili inazungusha balansi shafti ya pili, na alama yake inaweza kuonekana imekaa sawa wakati shafti imegeuka. Injini itawaka lakini itatetemeka vibaya. Ubavuni mwa bloku kuna bolti inayoziba tundu. Aitoe, aingize bisibisi ya unene wa milimita 8. Ikizama milimita 60 au zaidi, shafti iko sawa. Ikigota kwenye 20 au 25, azungushe gia hiyo mzunguko mmoja ajaribu tena. Bisibisi ibaki humohumo mpaka mkanda uwe umekaa.